Umeokoka na bado unaangukia dhambi ileile, toba yako inahesabika?

Hili swali huwa linaulizwa kwa kujificha. Mtu hawezi kunyoosha mkono ibadani akaliuliza, maana jumapili yeye ndo alikuwa mbele anaongoza sifa, basi anasubiri usiku anaandika inboksi kwa mtumishi ambaye hamfahamu vizuri: mimi nimeokoka siku nyingi ila kuna dhambi moja naitubia, narudi, naitubia tena, narudi, mpaka sasa naona aibu hata kuomba, je nimepoteza wokovu au sikuwahi kuokoka kabisa?

Atakachojibiwa kinategemea kaangukia kwa nani. Mmoja atamwambia wewe hukuokoka ndugu yangu, soma 1 Yohana 3:9, aliyezaliwa na Mungu hatendi dhambi, kwisha habari. Mwingine atamwambia acha kujitesa, dhambi za jana za leo na za kesho zote zililipwa msalabani, uko chini ya neema, tulia. Wa kwanza anamwacha hana matumaini, wa pili anamwacha hana sababu ya kuamka alipoanguka, na wote wawili wamempa mistari ya Biblia kwahiyo anazidi kuchanganyikiwa.

Kinachochekesha kidogo ni kwamba Yohana aliyeandika hilo la sura ya 3 ndiye huyohuyo aliyeandika sura ya 1, barua ileile kwa watu walewale, kwamba tukisema hatuna dhambi tunajidanganya wenyewe wala kweli haimo ndani yetu. Halafu sura ya 2 mstari wa kwanza anaweka yote pamoja, anasema nawaandikia haya ili msitende dhambi, na kama mtu akitenda dhambi tunaye Mwombezi kwa Baba. Hakuona tatizo. Ukiisoma barua nzima kwa mkao mmoja (ni fupi, sura 5 tu, unamaliza kabla chai haijapoa) unaona anapambana na watu waliotoka kwenye ushirika wakawa wanajiita wako nuruni huku wanawachukia ndugu zao. Hao ndo anaowaambia huwezi ukazaliwa na Mungu ukaendelea kuishi hivyo. Anaongelea maisha ya mtu, mwenendo wake, mahali alipopanga na kuhamishia vyombo. Yule anayeanguka na kuchukia kuanguka kwake hajamsahau, kamwandikia 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee.

Na kabla hatujaenda mbali, kujaribiwa sio dhambi. Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi bila kufanya dhambi. Kuna watu wanatubu mawazo yaliyopita kichwani kama gari inavyopita barabarani, hawakuyasimamisha hawakuyapandia, na wanaishia kuchoka bure. Yakobo 1:14-15 ameeleza hatua zake vizuri, tamaa inamvuta mtu, inachukua mimba, ndipo inazaa dhambi. Tusipoteze muda hapo.

Tatizo kubwa nadhani liko kwenye ile methali yetu, kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Tumelelewa nayo. Ukivunja kikombe mara ya kwanza unasamehewa, ya pili unachapwa. Kwa kulea mtoto haina shida, ila bila kujua tumeihamisha tukamvalisha Mungu, tukaamini msamaha wake una bajeti na sisi tumeshaimaliza. Sasa linganisha na Luka 17:4, Yesu anawaambia wanafunzi ndugu yako akikukosea mara saba kwa siku moja, na mara zote saba akarudi kusema natubu, msamehe. Mara saba kwa siku! Yaani asubuhi, saa nne, mchana, kosa lilelile pengine, na jua halijazama. Mitume waliposikia hivyo jibu lao la kwanza lilikuwa Bwana tuongezee imani, na ninawaelewa kabisa. Kama Mungu anamdai binadamu mwenye roho ndogo asamehe hivyo, sioni kwa hoja gani yeye mwenyewe atakuwa mchoyo kuliko anachotuagiza. Ila angalia sharti, "akarudi". Hajasema akitulia hukohuko.

Basi shida inahamia hapo kwenye kurudi, maana sio kila anayesema nimekosa amerudi.

Mchukue mfalme Sauli, 1 Samweli 15. Kaagizwa awaangamize Waamaleki na kila walicho nacho, kaenda kapiga, lakini kondoo na ng'ombe wazuri kaacha na mfalme Agagi kamshika hai. Nabii Samweli anafika, Sauli anamlaki kwa shangwe, amebarikiwa wewe, nimetimiza amri ya Bwana. Na wakati anaongea hayo kondoo wanalia mehhh nyuma yake. Samweli anamuuliza, sasa hicho kilio cha kondoo masikioni mwangu ni cha nini? Sauli anaanza, watu ndo waliwaacha, tena waliwaacha kwa ajili ya kumtolea Bwana Mungu wako dhabihu. Akibanwa zaidi anakubali nimekosa, niliwaogopa watu. Akibanwa mpaka mwisho anasema tena nimekosa, lakini tafadhali uniheshimu mbele ya wazee wa watu wangu, turudi wote nikaabudu. Hapo umeona ni nini kinamuuma. Ufalme umeondoka, Mungu amemkataa, yeye anawaza wazee watamuonaje akirudi bila nabii. Hii toba tunayo sana siku hizi, ni toba ya skrinshoti, mtu hatubu mpaka zile meseji zisambae kwenye grupu, na akitubu neno la pili ni naomba jambo hili lisiende mbali.

Daudi alifanya vibaya zaidi, tusidanganyane. Kamchukua mke wa Uria, kapata habari ana mimba, kamwita mume kutoka vitani ili alale nyumbani kosa lifunikwe, jamaa akagoma kwenda nyumbani wakati wenzake wako uwanjani, ndipo Daudi akaandika barua kwa Yoabu, mkuu wa jeshi, kwamba huyu muweke mbele pakali halafu mrudi nyuma afe, na hiyo barua akampa Uria mwenyewe aibebe. Mtu kabeba kifo chake mkononi. Halafu Daudi akakaa kimya mpaka mtoto kazaliwa, ni miezi hiyo, anaendelea na kazi za ufalme na bila shaka na ibada. Nabii Nathani alipomwambia wewe ndiwe mtu yule, jibu lake katika 2 Samweli 12:13 ni fupi, nimemfanyia Bwana dhambi. Hakumtaja Bathsheba kwamba naye kwa nini alikuwa anaoga pale. Hakuomba wazee wasijue, na ile Zaburi ya 51 inayobeba kichwa cha habari cha tukio lile imeimbwa hadharani mpaka leo.

Sasa hapa ndo penye fundo ambalo watu wengi hawalifungui. Nathani palepale, mstari uleule, anamwambia Bwana ameiondoa dhambi yako, hutakufa. Dakika ileile. Na mstari unaofuata anamwambia mtoto atakufa, na alishatangulia kumwambia upanga hautaondoka nyumbani mwako, na ukisoma sura zinazofuata unaona Amnoni, unaona Absalomu, nyumba inawaka. Kusamehewa kulikuja mara moja, madhara yakaendelea kwa miaka. Sisi tukiona madhara tunasema Mungu hajanisamehe, au tukisamehewa tunadai madhara yafutwe. Aliyeambukizwa ugonjwa kwenye mchepuko anaweza kuwa amesamehewa kabisa na bado anameza dawa kila siku. Vidonge sio ushahidi kwamba Mungu bado kakasirika.

Na Yuda? Huyu ananisumbua kuliko wote. Mathayo 27 inasema alipoona Yesu amehukumiwa alijuta, akarudisha vile vipande 30 vya fedha, akaungama wazi kwamba nimeisaliti damu isiyo na hatia. Kwa vipimo vya makanisa mengi kafanya kila kitu: kajuta, kaungama, karudisha hela. Petro usiku uleule alimkana Bwana mara tatu na hakurudisha chochote, alitoka nje akalia tu. Tofauti ninayoiona mimi ni kwamba Yuda aliishia kwa makuhani, ambao walimjibu basi haya yatuhusu nini, yaangalie wewe, na kutoka pale akaenda kujinyonga. Petro aliendelea kukaa na wenzake, na siku alipomuona Yesu ufukweni alijitupa majini kumfuata hata mashua hakuisubiri. Paulo anazitenganisha hizi huzuni mbili kwenye 2 Wakorintho 7:10, moja inaleta toba na nyingine inaleta mauti, na kwa nje zinafanana sana, zote zina machozi. Kwahiyo mtu anayejichukia usiku kucha asidhani hiyo chuki ndo toba yenyewe. Inaweza kuwa ni Yuda anaongea.

Waumini wa zamani walilipigania hili jambo mpaka wakagawanyika. Mwaka 250 kaisari Decius aliagiza watu wa dola ya Kirumi watoe dhabihu kwa miungu mbele ya kamati na kupewa cheti kwamba wametoa. Vyeti vyenyewe vipo, zaidi ya 40 vimepatikana Misri kwenye mafunjo (karatasi za kale), vinasema fulani bin fulani ametoa sadaka na kuonja nyama mbele yetu. Wakristo wengi walikwenda kutoa. Wengine wajanja wakanunua cheti bila kutoa sadaka, sijui leo tungeiitaje, cheti feki basi. Wengine walikataa wakafungwa, wakateswa, wakafa. Mateso yalipotulia wale walioanguka wakaja mlangoni wanalia wanataka kurudi, sasa fikiria mama ambaye mumewe amefia gerezani anakaa benchi moja na aliyenunua cheti.

Huko Roma padri Novatian na wafuasi wake wakasema hapana, kanisa halina mamlaka ya kuwarudisha, wamuachie Mungu siku ya mwisho, na mwaka 251 wakajitenga wakawa na askofu wao. Upande wa pili kule Karthago, Afrika ya kaskazini, kulikuwa na waungama imani, yaani waliokataa kumkana Kristo, waliokuwa gerezani wakitoa barua za kupendekeza walioanguka wapokelewe, na barua zikawa nyingi kupita kiasi mpaka askofu Sipriani akalalamika. Yeye na wenzake wakakutana 251 wakachukua njia ya kati, wa vyeti wachunguzwe mmoja mmoja na kurudishwa, waliotoa sadaka wabaki kwenye toba ndefu, ingawa baadae kidogo mateso mengine yalipokaribia hao nao wakalegezewa. Wa Novatian waliendelea kuwepo muda mrefu kiasi kwamba mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nisea mwaka 325 uliweka kanuni ya kuwapokea wanaotaka kurudi. Ukisikia mtu leo anasema fulani akianguka ndo basi tena, ujue hiyo hoja ina umri wa miaka zaidi ya 1,700 na kanisa lilishaikataa.

Wanaoshikilia msimamo mkali huwa wanakimbilia Waebrania 6:4-6, kwamba waliokwisha kupewa nuru wakaanguka haiwezekani kuwafanya upya hata watubu. Mistari hii imewanyima watu usingizi. Lakini barua inawaandikia watu waliokuwa wanashawishika kumwacha Kristo kabisa, kumkana, na sura ya 10 inasema wazi ni kumkanyaga Mwana wa Mungu na kuihesabu damu ya agano kuwa kitu ovyo. Huyo hana dhabihu nyingine ya kwenda, ndo hoja. Hata ile dhambi isiyosameheka ya Marko 3 iliwahusu walioona kazi ya Roho Mtakatifu kwa macho yao wakasema ni ya pepo mchafu. Mtu anayelia saa nane usiku kwa hofu kwamba ameitenda, hicho kilio chenyewe kinaonyesha hajafika huko. Kama mwamini anaweza kupoteza wokovu kabisa au la, hapo makanisa hayajakubaliana, wa mkondo wa Calvin wanasema aliyeokolewa kweli atadumu, wa mkondo wa Wesley na Wapentekoste wengi wanasema anaweza kuanguka, Wakatoliki wanafundisha dhambi ya mauti inaua neema ndani ya mtu ila kwa kitubio anarudishiwa. Bishaneni kwa amani. Kwenye kitu kimoja wanakutana, kwamba toba haikuisha siku ya ubatizo. Mtaguso wa Laterano mwaka 1215 uliagiza kila mwamini aungame walau mara moja kwa mwaka, na Martin Luther, aliyeanzisha mageuzi ya Kiprotestanti, alipotoa hoja zake mwaka 1517 ya kwanza kabisa ilikuwa kwamba Kristo alitaka maisha yote ya waamini yawe toba. Walipigana kwa mengi, sio hilo.

Sasa tuje nyumbani kwenye sehemu ambayo tumeilegeza mno, kurudisha.

Chukua mfano, mweka hazina wa kwaya amekula hela za sare. Hela zilikuwa kwenye laini yake, akasema nakopa kidogo mwisho wa mwezi narudisha, mwisho wa mwezi ukapita, fundi anadai, kwaya inaambiwa kitambaa bado kiko bandarini. Jumapili anapita mbele, anaongozwa sala ya toba, analia kweli, anapigiwa makofi. Jumatatu hela hazipo na kitambaa bado kiko bandarini. Huyu ametubu? Kwenye Hesabu 5:7 aliyedhulumu anaungama, anarudisha kamili, na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alijipa adhabu kubwa zaidi, nusu ya mali kwa maskini na aliowanyang'anya kwa hila mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22:1 imeweka kwa mwizi wa kondoo. Na tafadhali usigeuze mpangilio, Yesu alijialika kwa Zakayo kabla hajaahidi hata senti, watu wakanung'unika kaenda kula kwa mwenye dhambi. Hela hazikununua msamaha. Msamaha uliingia nyumbani ndo kabati likafunguka.

Kuna wanaojitetea na Zaburi 51:4, nimekutenda dhambi wewe peke yako, wanakuja kwa mke wanamwambia nimeshamalizana na Mungu wewe unaendelea kuninunia kwa nini. Jamani, Uria alikuwa kaburini, Daudi angemwomba radhi wapi? Wewe wako yupo jikoni. Mathayo 5:23-24 inasema ukiwa hata madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka hapohapo, nenda kwanza.

Wazee wetu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioshika moto Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, hili walilielewa. Watu walirudisha vitu walivyoiba kwa mabwana zao, walilipa madeni ya zamani, mzungu mmisionari na mwafrika wakaombana radhi uso kwa uso, jambo gumu kwa enzi zile za ukoloni. Kutembea nuruni, walikuwa wanaita hivyo, kutoka 1 Yohana 1:7. Lilikuwa na upande wake mgumu pia, kuungama mbele ya watu kila kitu mpaka vya chumbani kunaweza kuwajeruhi wengine waliotajwa humo bila kuulizwa.

Na hapo sijaongelea desturi ya baadhi ya sharika ya kumsimamisha binti mwenye mimba mbele ili arudishwe kundini wakati kijana aliyempa mimba yuko kwaya ya vijana anaimba besi. Nisamehewe lakini hiyo siioni kwenye injili. Kanuni rahisi inayofaa ni kwamba ungamo lifike pale dhambi ilipofika. Umemkosea mtu mmoja, nenda kwa mmoja. Umeiba za kwaya, kwaya isikie. Umewaza peke yako, mwambie Mungu na labda rafiki mmoja.

Kwa yule wa inboksi mwenye dhambi ya kujirudia, mara nyingi ni kubeti, picha chafu, pombe au mtu fulani, ningemuuliza kwanza umebadilisha nini tofauti na maombi. Watu wanafunga siku tatu kukemea roho ya uzinzi na namba ya mchepuko bado ipo kwenye simu imeandikwa Fundi Bomba. Sikatai maombezi. Lakini Warumi 13:14 inasema tusiuangalie mwili hata kuwasha tamaa zake, na Yesu aliongelea kung'oa jicho, lugha kali ya mtu anayetaka uchukue hatua. Futa programu ya kubeti. Laini yenye hela mkabidhi mkeo. Badilisha njia ya kurudi nyumbani kama njia ya zamani inapita baa. Ukianguka tena tubu siku hiyohiyo, usisubiri jumapili wala usisubiri ujisikie umetakata, maana kinachoua wengi ni zile wiki mbili za kujificha baada ya kuanguka, hawaombi, hawaendi ibadani, na humo wanaanguka mara tano zaidi.

Halafu mtafute mtu wa kumwambia, Yakobo 5:16 inasema ungamianeni. Mchague vizuri. Awe mtu mzima kiimani, wa jinsia yako, asiyeshtuka ovyo, na mdomo wake uwe umefungwa, na njia ya kumjua ni kumsikiliza anavyoongelea wengine. Anayekuletea stori za fulani kwa kisingizio cha tumuombee, yako nayo ataiombea kwenye grupu la maombi kabla hujafika nyumbani.